Kama toba hutolewa na Mungu, kosa langu liko wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkristo, nina mke na watoto, na ninakunywa pombe kupita kiasi. Nimeongozwa sala ya toba kwenye mikutano ya injili zaidi ya mara moja. Kila mara nimelia kwa kweli, na kila mara nimerudi baa kabla mwezi haujaisha. Mchungaji wetu anasema Mungu amekwisha kumaliza sehemu yake, iliyobaki ni uamuzi wangu. Shemeji yangu, ambaye ni msomaji sana wa Biblia, ananiambia hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba, na kwamba huenda mimi sikuchaguliwa. Kama toba hutolewa na Mungu na mimi sijapewa, nitahukumiwa kwa lipi? Nisubiri, au nijaribu tena? Mwezi ujao kuna mkutano mwingine hapa kwetu. Je, nipite mbele tena?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile la haraka: usisubiri. Hakuna mahali katika Maandiko ambapo mwenye dhambi anaambiwa akae kwanza mpaka ajisikie amevutwa, ndipo aanze kuja. Maneno anayokunukulia shemeji yako ni ya kweli, yako Yohana 6:44, ila ameyachomoa katikati ya mazungumzo. Aya saba kabla yake Yesu amekwisha kusema, “wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe.” Aliyesema hili ndiye aliyesema na lile, na alisema yote kwa watu wale wale. Ukitaka kumjibu shemeji, mwombe akusomee sura nzima.

Kuhusu mchungaji wako, naelewa anachokusudia. Anaona umejibanza nyuma ya udhaifu wako na anataka utoke. Hilo ni jema. Lakini ile kauli kwamba Mungu amemaliza yake na iliyobaki ni yako peke yako, hiyo siwezi kuikubali, na si mimi tu. Kanisa liliikataa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, tena katika ardhi ya Afrika, na sababu zake zinakuhusu wewe moja kwa moja.

Mtu aliyeisema kwa nguvu kuliko wote aliitwa Pelagio. Alitoka visiwa vya Uingereza akaishi Roma, na watu humchora kama mzushi mwenye kiburi. Lakini alikuwa mtu wa maisha ya kujinyima, aliyeumizwa na Wakristo walioishi hovyo huku wakisema, “Sisi ni binadamu tu, tufanyeje?” Siku moja akasikia sala kutoka katika Maungamo, kitabu cha Augustino, askofu wa Hippo, mji ulio Algeria ya leo: Bwana, toa unachoagiza, kisha agiza utakacho. Pelagio alikasirika. Aliona sala ile inawapa wavivu kisingizio. Mungu hawezi kuagiza lisilowezekana, alisema. Ametupa akili na hiari, ametupa sheria, ametupa mfano wa Kristo, ametusamehe yaliyopita. Sasa mtu aamue.

Inasikika kama mahubiri mengi tunayoyasikia leo, sivyo? Ndiyo maana nataka ujue kilichoamuliwa Karthago, karibu na Tunis ya leo, tarehe 1 Mei 418, ambako maaskofu wa Afrika zaidi ya 200 walikutana. Walilaani fundisho kwamba neema hufaa kwa kusamehe dhambi zilizokwisha kutendwa tu, na haitusaidii tusitende nyingine. Wakakataa pia wazo kwamba neema hutuonyesha tu la kufanya, au huturahisishia tu jambo ambalo tungeliweza hata bila hiyo. Sasa pima hali yako. Umesamehewa yaliyopita, unalijua lililo jema, umelilia. Na bado unarudi. Kwa hesabu ya Pelagio huna tena cha kuomba, umebakiwa na kujilaumu. Maaskofu wale walisema kipo cha kuomba, na ndicho kikubwa zaidi: uwezo wa kutaka kwa moyo mzima.

Augustino hakulipata jambo hili vitabuni. Mwaka 386 alikuwa Milano, mwalimu mwenye sifa, ameshasadiki kwamba Ukristo ni kweli, na hawezi kuacha mazoea ya mwili yaliyomfunga tangu ujana. Anakiri kwamba zamani aliomba, “Nipe usafi na kujizuia, lakini si sasa.” Siku ile bustanini, rafiki yake Alipio akiwa karibu, alijipiga paji la uso, akajing'oa nywele, akakumbatia magoti yake, na akashangaa jambo moja ambalo nadhani unalifahamu kuliko wasomi wengi: akili ikiuamuru mkono usogee, mkono unasogea papo hapo, akili ikijiamuru yenyewe itake, haitii. Jibu lake ni kwamba haiamuru kwa ukamilifu kwa sababu haitaki kwa ukamilifu. Hapakuwa na mtu wa pili ndani yake aliyemzuia. Ni yeye aliyetaka, na ni yeye huyo huyo asiyetaka. Kisha akasikia sauti ya mtoto upande wa pili ikiimba, “Chukua usome, chukua usome,” akafungua waraka kwa Warumi, na macho yakaangukia sura ya 13, pale Paulo anapotaja ulafi na ulevi, ufisadi na wivu, kisha anasema, “mvaeni Bwana Yesu Kristo.” Hakuhitaji kuendelea kusoma.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako gumu. Sisi huwaza kama kuna mzigo wa kugawana, Mungu abebe asilimia kadhaa na mimi nibebe zilizobaki. Kwa hiyo akibeba zaidi, mimi nabaki na uhuru kidogo. Mchungaji wako na shemeji yako wote wawili wanawaza hivyo, wanatofautiana katika mgawanyo tu. Lakini fikiria mgonjwa aliyepoteza hamu ya chakula. Uji uko mezani, hakuna aliyemfunga mikono, lakini hali chochote. Dawa ikimrudishia hamu, anakula. Ni nani aliyekula? Yeye, tena kwa furaha, na hakulazimishwa. Je, angekula bila dawa? Hapana. Neema haikupokonyi hiari yako ikaweka nyingine mahali pake. Inaiponya ile ile. Ndiyo maana Paulo anaweza kuwaandikia Wafilipi kwa pumzi moja, “utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu.” Hakusema timizeni ingawa Mungu anatenda. Alisema timizeni kwa maana Mungu anatenda. Na Ezekieli, nabii yule yule, katika sura ya 18 anawaamuru watu wajifanyie moyo mpya, na katika sura ya 36 Mungu anasema yeye ndiye atakayewapa moyo mpya. Amri inakuonyesha unachokosa, ahadi inakuonyesha pa kukiombea.

Waliokuja baadaye waliendelea kubishana. Mtawa Yohane Kasiano, huko kusini mwa Ufaransa ya leo, aliona kwamba mara nyingine Mungu huanza na mara nyingine mtu hupiga hatua ya kwanza, naye Mungu akampokea. Ni mawazo ya mtu aliyewalea watawa na kuona mengi, na Makanisa ya Mashariki, yaani Waorthodoksi, yanamheshimu hadi leo. Wao husisitiza kwamba Mungu humvuta anayetaka na kufanya kazi pamoja naye. Upande wa Magharibi jambo liliamuliwa katika mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Orange, huko huko kusini mwa Ufaransa ya leo, mwaka 529, na hapa naomba usome polepole. Ulisema kwamba mtu asifikiri Mungu anangoja tutake kusafishwa. Hata kule kutaka kwetu kusafishwa kunatoka kwa Roho Mtakatifu atendaye kazi ndani yetu. Mtaguso ule ule ukakataa kwa ukali kabisa wazo kwamba kuna watu waliopangiwa uovu na uweza wa Mungu.

Unaona maana yake kwako? Umeniandikia kwa uchungu ukiuliza kama utapewa toba. Mtu ambaye neema haijamgusa haandiki barua ya namna hiyo. Hajali. Uchungu wako, aibu yako mbele ya mkeo, hata hasira yako kwa shemeji, vyote hivyo ni dalili kwamba kazi imeanza, na hukuianza wewe. “Wema wa Mungu wakuvuta upate kutubu,” ndivyo anavyosema Paulo katika Warumi 2:4. Unavutwa. Kama shemeji anatafuta ushahidi, swali lako ndilo ushahidi.

Mabishano ya Martin Luther, mwanamageuzi wa Kanisa wa Ujerumani, na Erasmus, msomi Mkatoliki, ya mwaka 1524 na 1525, ya wafuasi wa Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi, na wapinzani wao yaliyofikia sinodi (mkutano wa kanisa) ya Dort mwaka 1618 hadi 1619, na mafundisho ya Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, juu ya neema inayomtangulia kila mtu kabla hajaitafuta, sitayaeleza yote hapa. Mimi ni Mlutheri, na nasimama na Luther kwamba hiari ya mtu aliyeanguka haiwezi kumgeukia Mungu kwa nguvu zake. Hata hivyo nafurahi kusema kwamba Wakatoliki nao hawafundishi kinyume cha hilo, ingawa wengi wetu tumekua tukiambiwa wanafundisha. Mtaguso wa Trento, katika tamko lake la tarehe 13 Januari 1547, uliziweka pamoja sauti mbili za Agano la Kale: Zekaria anapoleta neno la Bwana, “Nirudieni mimi,” tunakumbushwa uhuru wetu, na Maombolezo 5:21 yanapomwomba Mungu atugeuze kwake, tunakiri kwamba neema yake imetutangulia. Sijaona mahali lilipoelezwa kwa ufupi na uzuri kuliko hapo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, pale Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja wakikubaliana kwamba mtu humtegemea Mungu kabisa kwa wokovu wake.

Lakini umeuliza juu ya hukumu, na sitaki nikwepe. Kama ni neema inayogeuza, asiyegeuka ana kosa gani? Jibu la Maandiko haliko sawa pande zote mbili, na tusilisawazishe kwa nguvu. Mtu akija, Biblia inasema Mungu amemjalia. Asipokuja, haisemi Mungu amemnyima, inasema hakutaka. Yesu aliulilia Yerusalemu, “Ni mara ngapi nimetaka kuwakusanya pamoja watoto wako,” kisha akataja kilichozuia: hamkutaka. Unapoingia baa jioni, ndugu yangu, hakuna aliyekuvuta mkono. Unaingia kwa sababu unapenda kuingia, hata kama baadaye unachukia. Ugonjwa wa hiari yako ni wako, hujapandikizwa na Mungu, na kila glasi umeinyanyua wewe. Kwa nini huyu anageuka leo na yule bado, hilo Mungu hakutufunulia, na wote waliojaribu kulifungua wameishia ama kumfanya Mungu mkatili ama kumfanya mtu mwokozi wa nafsi yake.

Badala ya kuchungulia huko, tazama wanaume wawili wa usiku mmoja.

Petro yuko uani kwa kuhani mkuu, karibu na moto. Mtume aliyeapa kwamba yuko tayari kufa anamkana Bwana wake mbele ya kijakazi, kisha tena, na kama saa moja baadaye mara ya tatu. Hakushikiwa upanga shingoni. Luka anaeleza kwa utaratibu kilichofuata: akiwa bado anasema, jogoo akawika, “Bwana akageuka akamtazama Petro”, ndipo Petro akakumbuka, akatoka nje akalia kwa majonzi. Angalia nani aligeuka kwanza. Na saa kadhaa kabla, mezani, Yesu alikuwa amemwambia, “nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako.” Maombi yalitangulia dhambi. Kutazamwa kulitangulia machozi. Hata hivyo machozi yalikuwa ya Petro, na miguu iliyomtoa nje ilikuwa ya Petro.

Yuda naye, kwa mujibu wa Mathayo 27, alijuta. Alifanya mambo ambayo wengi wetu hatuyafikii: alirudisha vipande 30 vya fedha, akakiri waziwazi, “Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia.” Ana majuto, ana ungamo, ana malipo. Lakini aliyapeleka kwa wakuu wa makuhani, nao wakamjibu, “Haya, basi, yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe.” Akayaangalia mwenyewe, na yakamuua. Hakuwahi kwenda msalabani alikokuwako yule ambaye angempokea. Nakusihi, usiku utakaporudi nyumbani umelewa na moyo ukaanza kukuambia umalizane na wewe mwenyewe, kumbuka ni kina nani waliomwambia Yuda maneno hayo.

Sasa mambo ya kufanya. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi Walutheri tunaliungama, lina kipengele cha 18 juu ya hiari, na wengi hukisoma nusu. Ndiyo, kinasema hatuwezi bila Roho Mtakatifu kumcha Mungu wala kumwamini kutoka moyoni. Lakini kinaanza kwa kusema mtu ana uhuru fulani katika mambo ya nje, mambo yanayofikiwa na akili. Uhuru huo unao. Huwezi kujiamuru uichukie pombe, lakini unaweza kupita barabara nyingine unapotoka kazini. Unaweza kumkabidhi mkeo mshahara siku ile ile unapoupokea. Unaweza kumwambia rafiki wa baa kwamba leo huji. Usiyaite haya wokovu, wala usiyadharau. Na kama umekunywa sana kwa miaka, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kupata degedege ukiikosa, na watu hufa. Nenda hospitali, mweleze daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

Neema hutumia njia tusizozitazamia. Augustino anasimulia juu ya mama yake, Monika, ambaye leo Wakatoliki wanamwita mtakatifu, kwamba alipokuwa msichana alitumwa na wazazi kuteka divai kwenye pipa, naye akaanza kuonja kwa ncha ya midomo. Kila siku kidogo, mpaka akawa anabugia vikombe karibu vijae. Hakuna mahubiri yaliyomtoa huko. Kijakazi aliyezoea kwenda naye waligombana siku moja, na kwa nia ya kumchoma tu akamwita mlevi. Neno likamwingia, akajiona alivyo, akaacha. Augustino anasema Mungu alimponya mama yake kwa kinywa cha mtu aliyekusudia kumuumiza. Kwa hiyo mkeo akikutolea maneno makali, usikimbilie kujitetea. Sikiliza kwanza.

Je, upite mbele tena mwezi ujao? Ukijisikia kwenda, nenda, hakuna dhambi. Ila usiende ukidhani zile za kwanza zilikuwa bandia kwa sababu ulianguka, na kwamba safari hii ukilia zaidi itashika. Tasnifu, yaani hoja, ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Luther za mwaka 1517 inasema Bwana wetu aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Sala yako ya kwanza ilikuwa mwanzo wa maisha hayo. Ungamo la Augsburg linaitaja toba kuwa na sehemu mbili: hofu ya dhamiri iliyoitambua dhambi, na imani inayoamini kwamba kwa ajili ya Kristo dhambi zimesamehewa. Kwa jinsi unavyoandika, ile ya kwanza unayo tele. Inayokosekana ni ya pili, na hiyo haiji kwa kupandisha sauti. Huja kwa kusikia.

Ndiyo maana ningependa kabla ya mkutano umwendee mchungaji wako faraghani, yeye huyo huyo, umwombe akusikilize maungamo na akutamkie msamaha kwa jina la Kristo. Luther aliyapenda maungamo ya faragha na hakutaka yaondolewe. Ni sisi tulioyasahau. Mchungaji amefungwa kutunza siri yako. Mwambie na hili la shemeji. Na asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, omba ukiwa bado kitandani: Bwana, leo sitaki kuacha vya kutosha, nipe kutaka. Siku ukianguka, iombe jioni ile ile, usingoje asubuhi.